Banda la Kuhesabia Ndege Mida Linavuja, Tuchangiane Kabla ya Vuli

Assalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Tunaandika kwa haya, maana mwaka jana tu mlitununulia darubini ya miguu mitatu. Ila ya banda hayafichiki tena. Mvua ya masika ilipita kwenye makuti kama kwenye chekeche, kreti ya madaftari ikalowa. Hesabu za miaka sita tulizianika juu ya mkeka, ukurasa kwa ukurasa, wino umetapakaa. "Januari" inasomeka, idadi haisomeki. Mtoto mmoja wa gredi ya sita akauliza, "Kwa hiyo hao ndege hawakuja?"

Walikuja. Mida, hori yetu hapa pwani ya Kenya, imo ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu iliyotangazwa mwaka 1968, na kila mwaka ndege kutoka Ulaya na Siberia hushukia matope yetu. Sisi hungoja maji yajae, wakisukumwa pembeni wajikusanye, ndipo wahesabike. Bila banda tunahesabu juani, na karatasi inapeperuka.

Yupo mmoja mweupe, mgongo mweusi, mdomo mnene wa kupasulia kaa. Hutaga yai moja tu ndani ya shimo analolichimba mchangani, huko Oman na visiwa vya Ghuba, kisha huja huku. Ndugu zetu mlioko Maskati na Dubai, huyo ni jirani yenu. Yeye kila mwaka huikumbuka Mida.

Tunahitaji makuti 900, miti 40 ya mvinje, ujira wa fundi na sanduku la bati la madaftari. (Boriti za mikoko hatukati. Tukishawakataza wengine, tutaweka wapi nyuso zetu?) Jumla ni shilingi 38,000. Mkononi tuna 11,200, na nyingi zimetoka kwa akina mama wauza samaki, si kwa wenye magari. Wenyewe mnajijua.

Kila senti itaandikwa, risiti zitabandikwa mlangoni, na mweka hazina atasoma hesabu mbele ya wote. Nambari ya kutuma pesa mwulizeni yeye, si mtu mwingine.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho ya Septemba, baada ya alasiri, hapo hapo bandani. Chai na mahamri vipo. Asiye na pesa alete makuti kumi, Mungu atampokelea. Na kila mtu aje na kofia, maana upande wa magharibi paa halipo kabisa.