Maradhi yakirudi, soko lipangwe upya, lisifungwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu ambaye, katika ukurasa huu huu wa barua, alipendekeza kwamba likitokea janga jingine mfano wa Uviko-19, Serikali iyafunge masoko yote na kuwaelekeza wananchi wakanunue chakula katika supamaketi, kama walivyofanya wenzetu wa Ulaya. Barua yake nimeisoma mara mbili, na nia yake siitilii shaka, kwa kuwa ameeleza kwa uchungu jinsi alivyomuuguza mama yake mzazi. Ninachobishana nacho ni hesabu yake, na hesabu ndilo somo nililolifundisha katika shule za sekondari za Iringa na Mbeya mpaka nilipostaafu.

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na siku iliyofuata shule zikafungwa. Serikali haikuwafungia watu ndani, na masoko yaliendelea kufanya kazi. Hata hivyo mimi nilifungiwa, tena na wanangu. Binti yangu mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa akisoma Uingereza, alinipigia simu usiku akaniambia, "Baba, nakusihi, sokoni usikanyage, una presha na umri umekwenda." Wadogo zake wakachanga fedha, wakanipa maelekezo kwamba kila kitu nikinunue katika supamaketi moja iliyopo mjini, ambayo sitaitaja jina kwa sababu haikunikosea jambo lolote. Kwa hiyo kuanzia mwanzoni mwa Aprili hadi shule zilipofunguliwa tarehe 29 Juni niliishi maisha yale yale ambayo msomaji mwenzangu anayatamani kwa nchi nzima.

Nikiri kwamba palikuwa na utaratibu. Mlangoni alisimama kijana mwenye kipima joto cha kuelekeza usoni, pembeni yake chupa ya kitakasa mikono, na ndani tulikuwa wachache kiasi kwamba mtu ungeweza kupita katikati ya rafu bila kumgusa mwenzako. Viazi vilikuwa vimeoshwa na kufungwa katika mifuko ya wavu, na bei yake ilinifanya nicheke peke yangu ndani ya barakoa, maana ni viazi vile vile vya Uyole ambavyo kutoka nyumbani kwangu naweza kuvifuata kwa miguu.

Jambo lililonifungua macho lilitokea mwezi Mei, wakati sukari ilipokuwa adimu nchini na Serikali ilikwisha kutangaza bei elekezi. Mbele yangu kwenye foleni ya malipo alikuwepo mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni, mkononi ana noti ya shilingi 1,000. Alimuuliza binti wa kaunta kwa adabu kama angeweza kupata sukari ya robo na mafuta ya kula ya shilingi 300. Binti naye akamjibu kwa adabu, "Samahani mama, hapa hatupimi." Pakiti ndogo kabisa ya sukari ilikuwa ya kilo moja, na chupa ndogo kabisa ya mafuta ilikuwa ya nusu lita. Yule mama akashukuru, akatoka kwa mlango ule ule alioingilia, kijana wa mlangoni akampulizia kitakasa mikono mara ya pili, naye akaelekea sokoni.

Hapo ndipo hesabu ya msomaji mwenzangu inapogoma. Duka kubwa limejengwa kwa ajili ya mtu anayelipwa mwisho wa mwezi, mwenye jokofu, na mwenye namna ya kubeba mizigo ya wiki nzima hadi nyumbani. Mtu anayelipwa jioni kwa kibarua alichokifanya mchana hununua chakula cha usiku huo tu: fungu la nyanya, dagaa wa fungu, unga wa kupima, mafuta ya kupima, mkaa wa kopo. Ukimwambia aende dukani mara moja kwa wiki ili kupunguza msongamano, unamtaka awe na fedha ya siku saba kabla hajazifanyia kazi siku hizo saba. Ukilifunga soko, hatahamia supamaketi, bali atamfuata mchuuzi yule yule katika uchochoro ambako hakuna maji ya kunawa wala kiongozi wa soko wa kuwapanga watu.

Msomaji mwenzangu ameitaja Ulaya kana kwamba huko watu walinunua kwa raha. Binti yangu aliniambia kwamba baada ya amri ya kubaki nyumbani ya tarehe 23 Machi 2020, alikuwa akipanga foleni nje ya duka kwenye baridi, kila mtu umbali wa mita mbili kutoka kwa mwenzake, na alipofika ndani akakuta rafu za unga wa ngano tupu. Nilimuuliza inakuwaje Uingereza ikose unga, nikidhani ananitania. Baadaye niliposoma habari za wenye viwanda vya kusaga nafaka wa huko ndipo nikaelewa kwamba unga ulikuwepo tele, lakini takriban asilimia 4 tu ya unga wote wa nchi ile huuzwa katika vifurushi vidogo vya madukani, na unaobaki hupelekwa kwa waokaji na viwandani katika magunia makubwa au malori ya matangi. Watu wote walipoanza kuoka mkate nyumbani, mashine za kufungashia vifurushi vidogo zilielemewa, hata viwanda vikafanya kazi usiku na mchana. Kwa maneno mengine, Waingereza walikosa unga kwa kukosa mtu wa kuwapimia. Hapa kwetu mama muuza nafaka ana gunia, ana kisado, ana mzani na mifuko, na kiwanda chake cha kufungasha ni mikono yake miwili. (Kisado chake wakati mwingine kimebonyezwa kitako, hilo nalijua, na wakala wa vipimo analijua pia, lakini hiyo ni barua nyingine.)

Zipo nchi zinazofanana nasi zaidi ambazo tungejifunza kwazo. Uganda, mwishoni mwa Machi 2020, iliruhusu wauza vyakula waendelee kuuza, lakini ikawataka walale humo humo sokoni kwa siku 14 ili wasipeleke maradhi majumbani. Akina mama wakalala chini ya vyandarua kando ya ndizi zao. Afrika Kusini ilianza kwa kuwazuia wachuuzi wadogo wa vyakula na kuyaacha maduka makubwa wazi, na baada ya takriban wiki moja tu ikalazimika kubadilisha kanuni ili wachuuzi wenye kibali cha halmashauri warudi kazini, kwa sababu vitongoji vizima vilikuwa vikiwategemea. Peru ilijaribu kuwagawa watu kwa siku, wanaume Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, wanawake Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Mpango huo haukumaliza hata siku kumi, maana siku za wanawake masoko yalifurika kupita kawaida. Aliyeupanga pengine hakuwa amewahi kutumwa nyanya.

Lakini hiyo hiyo Peru inanilazimisha nikubali sehemu ya hoja ya ndugu yangu. Wauzaji katika masoko yake walipopimwa, yapo masoko ambayo wengi wao walikutwa na virusi, na moja ya sababu zilizotajwa ni kwamba karibu nusu ya kaya za nchi ile hazina jokofu, hivyo watu walilazimika kurudi sokoni kila mara. Hali yetu haiko mbali na hiyo. Niliporudi katika soko ninalonunulia siku zote, hapa hapa Mbeya, nilikwenda na futi kamba yangu ya zamani nikapima njia kati ya meza na meza. Mahali papana palikuwa na sentimita 140, na mahali pembamba sentimita 60, tena hapo hapo pembamba ndipo wapagazi wanapopita na magunia ya lumbesa wakipiga kelele za kuomba njia. Mama ninayemnunulia maharage alinisalimu kwa furaha, "Mwalimu, shikamoo, tulidhani umetutupa!" nami nilipomwitikia nilikuwa nimebanwa bega kwa bega na watu wanne nisiowajua. Binti yangu hakukosea kuniogopea.

Kwa hiyo ninachoomba ni kwamba Halmashauri ya Jiji, pamoja na kamati za masoko, ziandike mpango sasa, wakati hakuna anayekohoa, wa namna ya kulitawanya soko bila kulifunga. Mbeya hatuanzi darasa la kwanza katika jambo hili. Soko la Mwanjelwa lilipoteketea kwa moto mwaka 2006, wafanyabiashara walipata pengine pa kuuzia, Sido ikiwa mojawapo, na mji haukulala njaa. Kama moto uliweza kutuhamisha bila kutupa taarifa, maradhi yanayotangulia kusikika redioni kwa wiki kadhaa kabla hayajafika hayapaswi kutukuta tumekaa. Viwanja vya shule vitakuwa vitupu iwapo shule zitafungwa, na humo wauza mboga na matunda wanaweza kupangwa kwa mistari ya chokaa, huku wauza nafaka na samaki wakibaki ndani ya jengo. Magunia yashushwe usiku, kabla ya wanunuzi kufika. Saa ya kwanza ya asubuhi iachwe kwa wazee na wajawazito, kama maduka ya Uingereza yalivyofanya, isipokuwa kwetu katika miezi ya Juni na Julai saa hiyo isogezwe mpaka jua litoke, la sivyo wazee mtakaotuokoa na virusi mtatuua kwa baridi.

Supamaketi nazo zinaweza kusaidia iwapo zitaruhusiwa, na zikiona inawalipa, kuweka dirisha la kupima kwa robo na nusu nje ya mlango wakati wa dharura. Yule mama wa noti ya shilingi 1,000 angekuwa amehudumiwa bila kuingia ndani.

Na kuna lile la maji. Mwaka 2020 kila lango la soko letu lilikuwa na ndoo yenye koki, sabuni ya maji na beseni chini yake, na watu walinawa bila kushurutishwa. Wiki iliyopita nilizunguka malango yote manne. Lango moja lina ndoo isiyo na koki, mawili hayana kitu, na katika lango la nne ndoo ipo nzima na koki yake, ila imehamia kwa kijana anayeuza juisi ya miwa, ambaye aliniambia kwa uaminifu kwamba aliikuta haina mwenyewe. Naomba kamati ya soko imnunulie kijana huyo ndoo yake, kisha hiyo irudishwe langoni ikiwa na maji.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Uyole, Mbeya.