Wauzaji wa spika, tupeni vipimo. Wati peke yake hazitusaidii

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na waagizaji na wauzaji wa spika, hasa zile spika tupu ambazo sisi tunaounda maboksi nyumbani tunazinunua Kariakoo, Mwanjelwa na Iringa mjini. Ombi langu ni moja: kila spika iuzwe pamoja na karatasi ya vipimo vyake. Msituandikie wati tu. Wati tunaandikiwa nyingi sana, na nyingi kati ya hizo ni za uongo.

Mimi ni fundi seremala hapa Uyole, Mbeya. Mchana natengeneza milango, vitanda na majeneza. Jioni naunda spika, na hiyo siifanyi kwa biashara. Naipenda tu kazi yenyewe: kukata, kubandika, kuunga waya, halafu kukaa na kusikia sauti ya mtu aliyeimba zamani ikitoka kwenye kitu nilichokipiga randa mwenyewe. Nimewaundia ndugu, majirani, na kwaya ya kanisani kwetu.

Kwa upande wa mbao sina cha kulalamikia. Mafinga si mbali. Plaiwudi ya huko inatokana na miti ya Sao Hill na mashamba ya wananchi wa Mufindi, na ukiifuata mwenyewe ukachagua, unapata ya milimita 18 iliyobanana vizuri. Mimi huigonga kwa kifundo cha kidole kuanzia pembe moja hadi nyingine. Ubao mzima hujibu sauti moja kavu. Ukifika mahali sauti ikawa tupu kidogo, ujue katikati kuna tabaka halikukutana, na hapo ndipo patakapovuma siku besi ikianza kupiga. Unauacha, unachukua wa chini yake. Gundi ipo na skrubu zipo. Mafundi wa kukata duara lililonyooka kama la bikari wamejaa kuanzia hapa hadi Makambako. Tunachokosa ni taarifa ya kile tunachokiweka ndani ya duara hilo.

Nieleze kwa ajili ya wasomaji wasiofanya kazi hii. Spika ikiwa tupu juu ya meza haina besi. Koni, yaani ule uso wa spika unaotikisika, inaposukuma hewa kwenda mbele, nyuma yake hewa inalegea, na hizo mbili zinazunguka ukingo wa spika na kumalizana. Boksi lipo kwa ajili ya kuzitenganisha. Lakini hewa iliyofungiwa ndani ya boksi nayo ni springi: koni ikiingia inasukumwa itoke, ikitoka inavutwa irudi. Boksi likiwa dogo mno koni inabanwa, na likiwa kubwa mno inapwaya. Na ukubwa unaofaa haujulikani kwa kutazama inchi. Spika mbili za inchi 8 zinazofanana kwa macho, moja inaweza kutaka lita 20 na ya pili ikataka lita 60.

Jambo hili lilishapigiwa hesabu siku nyingi. Neville Thiele wa Australia aliandika kanuni zake mwaka 1961, na Richard Small akaziendeleza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tangu hapo viwanda makini duniani hutoa namba ambazo mafundi huziita kwa majina ya hao wawili. Kubwa ni tatu. Fs ni mtikisiko wa asili wa koni, yaani mlio ambao spika inaufuata kwa urahisi kuliko mingine yote. Vas ni kiasi cha hewa chenye ugumu sawa na ugumu wa koni yenyewe. Qts inaonyesha jinsi sumaku na mwili wa spika vinavyoizuia koni isiendelee kuyumba. Ukiwa na hizo tatu, karatasi na penseli vinatosha kukupa boksi. Ukizikosa unakata mbao kwa kubahatisha, hata uwe fundi wa miaka mingapi.

Juzi kijana mmoja wa bodaboda aliniletea spika ya inchi 8 imeandikwa wati 800 nyuma ya sumaku, na hakuna neno jingine. Alikuwa ameshaiundia boksi zuri la lita 40, na kwenye ubao wa mbele ametoboa tundu la sentimita 10 bila kuweka bomba, kama alivyoona kwenye sabufa za dukani. Analalamika kwamba kila wimbo unapiga besi ile ile moja. Ana haki. Tundu la namna hiyo kwenye boksi la lita 40 linalia kwenye hezi 75 hivi, yaani mitikisiko 75 kwa sekunde, kwa hiyo noti yoyote ya gitaa la besi inayokaribia hapo inavimba na zilizo chini yake zinapotea. Baya zaidi, chini ya mlio huo hakuna tena hewa ya kuishika koni. Inarukaruka hadi koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, inagonga chuma cha nyuma.

Kwa kuwa muuzaji hakutoa namba, tuliipima wenyewe. Unaunga rezista (kizuizi cha umeme) ya omu 1,000 kati ya amplifaya ndogo na spika, unaweka mita kwenye volti za AC na kuigusisha kwenye ncha mbili za spika. Simu yenye programu ya kutoa milio unaichomeka kwenye amplifaya. Unaanza hezi 20 na kupanda taratibu. Mita inapanda, inapanda, inafika kilele, halafu inaanza kushuka. Kilele chetu kilikuwa hezi 48: hiyo ndiyo Fs. Kisha tukabandika katikati ya koni, kuizunguka ile kofia ya vumbi, ule udongo laini wa rangi wanaochezea watoto wa chekechea, gramu 12 kamili. Mizani niliazima kwa shemeji yangu anayenunua dhahabu Makongolosi, kwa sababu mizani ya sukari haioni gramu 12. Kwa uzito huo kilele kikashuka hadi hezi 40. Gawanya 48 kwa 40 unapata 1.2; zidisha kwa yenyewe, 1.44, toa moja, inabaki 0.44, gawanya 12 kwa hiyo, na unajua kwamba sehemu yote inayotembea, koni na koili yake, ina gramu 27. Kutokana na uzito huo na upana wa koni tukapata Vas ya lita 21. Volti za pembeni mwa kilele zikatupa Qts ya 0.45, na spika ya namna hiyo inakubali boksi lenye bomba.

Hapa niongeze jambo ambalo wenzetu wa pwani halijawagusa. Uyole tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na msukumo wa hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam. Springi ya hewa ndani ya boksi hupungua ugumu kwa kiasi hicho hicho. Spika ile ile ikipimwa Dar es Salaam itaonyesha Vas ya lita 26 hivi. Kwa hiyo hata karatasi ya kiwandani tutairekebisha kidogo huku juu, na hilo tunaliweza. Karatasi ambayo haipo hairekebishiki.

Boksi la kijana lilikuwa na vipimo vya ndani sentimita 28 kwa 32 kwa 46, yaani lita 41 na kidogo. Ukiondoa nafasi ya sumaku na bomba zinabaki 40. Hatukulivunja. Tuliziba tundu lake kwa kipande cha plaiwudi, tukatoboa jingine na kuingiza bomba la maji lenye upana wa ndani sentimita 7.5 na urefu wa sentimita 15. Sasa boksi linalia hezi 40. Nilipomwashia wimbo wa dansi wa zamani, gitaa la besi lilianza kutembea, noti baada ya noti, na yeye mwenyewe akaanza kuzifuata kwa kidole juu ya meza. Bomba lilikuwa kipande kilichobaki kwa fundi wa maji. Hasara yake yote ya mwanzo ilitokana na kukosa namba tatu ambazo kiwanda kilichotengeneza spika ile hakiwezi kuwa hakizijui.

Sasa wati. Dukani niliwahi kushika amplifaya iliyoandikwa wati 2,000. Nikageuza adapta yake: volti 12, ampea 5. Zidisha. Ni wati 60 zinazoingia, na haiwezekani zitoke 2,000. Na hata wati zingekuwa za kweli, hazisemi spika ina sauti kubwa kiasi gani. Hilo linasemwa na namba nyingine, ya desibeli ambazo spika inatoa ikipewa wati moja na wewe ukiwa umbali wa mita moja. Spika ya desibeli 90 itahitaji wati 40 kufikia sauti ambayo ya desibeli 96 inaitoa kwa wati 10 tu. Kwa kwaya yetu nilitumia spika mbili za inchi 10 zilizotolewa kwenye kinanda kibovu, zimeandikwa wati 50. Mpwa wangu anayesoma Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) alizitafutia karatasi yake, na kweli ni za desibeli 96. Kwa amplifaya ile ile zinazishinda zile mpya za wati 1,000 zilizonunuliwa kwa michango ya waumini, na maneno ya mahubiri yanafika hadi kiti cha nyuma. Inaniuma nikikumbuka ile michango ilivyokusanywa, wengine wakileta magunia ya viazi.

Najua wauzaji watajibu kwamba mteja haulizi vipimo, anauliza wati. Ni kweli, anauliza wati kwa sababu ndiyo namba pekee mnayomwonyesha. Mizani ya muuza nyanya Mwanjelwa inakaguliwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika. Nawaomba wao pamoja na Shirika la Viwango waitazame na hii namba inayobandikwa kwenye sumaku za spika, maana mwananchi anailipia. Lakini waagizaji hawana haja ya kusubiri serikali. Mnapoagiza mzigo, mwambieni mwenye kiwanda aweke karatasi yenye Fs, Vas, Qts, desibeli, omu na wati anazoweza kuzihimili kwa muda mrefu. Ikishindikana kuichapa, ipigeni picha mumtumie mteja kwa simu.

Na vijana wenzangu wa kazi hii, ulizeni. Ukifika kaunta, kabla hujauliza bei, uliza Fs ni ngapi. Wakikucheka wa kwanza na wa pili, wa tatu ataanza kutafuta jibu.

Nimeshaona kwamba inawezekana. Muuzaji mmoja wa hapa Mbeya aliniruhusu nipime spika zake pale pale dukani, na sasa ameziandika namba kwenye utepe wa karatasi kwa kalamu nene, kila spika na utepe wake. Ameniambia zile zenye utepe ndizo mafundi wanazochukua kwanza. Mwenye duka mwingine yeyote kuanzia Tunduma hadi Iringa akitaka, nitakuja Jumamosi mchana na mita, rezista, udongo na mizani ya shemeji, bila malipo. Anitayarishie soketi ya umeme na meza isiyotikisika, na anizimie redio ya dukani kwa nusu saa.

Fundi Seremala,
Uyole, Mbeya