Kwa mpwa wangu, kabla hujasaini na ile bendi

Mpwa wangu,

Nimesikia kwamba vijana wanne wa muziki wa roki hapo Ntinda, Kampala, wamekuomba uwe meneja wao, na kwamba unapanga pia kuwarekodi mwenyewe na kufungua lebo ya kutolea nyimbo zao. Mama yako ana wasiwasi na kipaji chako. Mimi sina. Kinachonitia wasiwasi ni kazi hizo tatu kushikwa na mtu mmoja. Kwa hiyo soma kwanza habari za Kit Lambert, meneja wa The Who, bendi ya roki ya Uingereza, kwa sababu yote unayotaka kuyafanya aliyafanya yeye, tena kwa mbwembwe ambazo London ilikuwa haijaziona.

Lambert alizaliwa mwaka 1935, mtoto wa Constant Lambert, mtunzi wa muziki wa okestra na baleti. Alisoma Oxford, akawa ofisa wa jeshi, kisha akaingia kwenye filamu kama msaidizi wa waongozaji. Huko alikutana na Chris Stamp, ambaye baba yake alifanya kazi kwenye tagi, yaani boti za kuvuta meli, za mto Thames. Wawili hao walikuwa wakitafuta bendi ya kuipigia filamu. Julai 1964 Lambert aliingia Railway Hotel, Harrow, akawakuta vijana waliojiita The High Numbers. Mpango wa filamu ukawekwa kando, wakawa mameneja, na bendi ikarudia jina lake la The Who.

Tazama walivyoipata. Bendi ilikuwa na meneja mwingine mwenye mkataba mkononi, lakini vijana wote walikuwa chini ya miaka 21, umri wa utu uzima Uingereza siku zile, na saini za wazazi hazikukamilika. Mkataba ukawa karatasi tu. Kwetu Uganda umri ni miaka 18. Mpiga dramu wenu kama hajafika hapo, mzazi au mlezi asaini pamoja naye, na nakala za vitambulisho vya taifa zibanwe kwenye mkataba wenyewe, zisibaki kwenye simu ya mtu.

Mbwembwe zake zilikuwa na hesabu ndani yake, na hapo ndipo watu wengi humwelewa vibaya. Mwishoni mwa 1964 aliichukulia bendi siku ya Jumanne pale Marquee Club, siku ambayo klabu haikuwa na watu. Akatengeneza bango jeusi lenye maneno Maximum R&B, akagawa kadi za kuingia bure kwa vijana waliokuwa wakiigwa na wenzao kwa mavazi. Wale wakileta marafiki, marafiki wanalipa. Baada ya wiki chache Jumanne ilikuwa imejaa. Hata Kampala usigombanie Jumamosi na watu wenye majina. Mwombe mwenye baa usiku wake uliokufa, wiki nane mfululizo, mahali palepale, na badala ya malipo ya mkupuo chukua kiingilio cha mlangoni. Tiketi ziwe na namba, mmoja auze, mwingine achane, na kabla bendi haijashuka jukwaani vishina vihesabiwe mbele ya mwenye baa. Mtu mmoja akiuza na kuchana peke yake, tiketi ileile itauzwa mara mbili, na hutajua.

Kuvunja magitaa kulianza kwa ajali: gitaa la Pete Townshend, mpiga gitaa na mtunzi wa bendi, liligonga dari pale Railway. Lambert na Stamp wakaona ni habari ya magazeti, wakalichochea. Magazeti yalikuja, na madeni yakaja pamoja nayo. Sitasema zaidi, bei ya gitaa hapo mjini unaijua.

Sasa uprodyuza, yaani kusimamia kurekodiwa kwa nyimbo. Nyimbo za kwanza za The Who zilitengenezwa na Shel Talmy, na mkataba ulikuwa naye. Mwaka 1966 Lambert alipotaka kumwondoa, mambo yakafika mahakamani, na ili waachane bendi ilikubali Talmy apate asilimia 5 kwenye rekodi zao za miaka mitano iliyofuata. Maana yake alilipwa hata kwa albamu ambazo hakukanyaga studio yake. Kwa hiyo ukiingia kwa prodyuza yeyote, andika: anapata kiasi gani, kwa nyimbo zipi zilizotajwa kwa majina, na kwamba nyimbo zijazo hazimo.

Lambert alipokalia kiti cha prodyuza hakuwa fundi wa sauti. Nguvu yake ilikuwa kuona wimbo mzima kabla haujakuwapo. Albamu ya pili, A Quick One, ilipopungukiwa na dakika, yeye ndiye aliyemsukuma Townshend aunganishe vipande vifupi kuwa hadithi moja ya dakika tisa. Mwishoni hadithi ilihitaji vyombo vya cello, zile fidla kubwa za sauti nzito, na pesa za kukodi wapigaji hazikuwapo. Bendi ikasimama kwenye maikrofoni ikaimba neno lenyewe, "cello, cello, cello", kwa sauti zilizopangwa. Sikiliza sehemu hiyo kwa makini. Mfuko mtupu uligeuzwa kuwa kitu ambacho mtu anakikumbuka baada ya miaka sitini.

Kutoka hapo ikaja Tommy, albamu yao ya opera ya roki, iliyorekodiwa studio za IBC, London, kuanzia Septemba 1968 hadi Machi 1969, kwenye mashine ya treki nane, yaani njia nane za sauti zinazorekodiwa kila moja peke yake. Lambert aliandika muswada kama wa filamu ili hadithi isipotee njiani, akashikilia kwamba lazima kazi ianze na utangulizi wa vyombo kama opera yoyote. Alitaka okestra, Townshend alikataa, na nadhani Townshend alikuwa sahihi, kwa sababu watu wanne waliweza kuipiga yote jukwaani. Mwishoni mwa wiki bendi ilikwenda kupiga shoo ili kulipia studio. Tarehe 7 Juni 1970 waliipiga Metropolitan Opera House, New York. Kuipeleka roki kwenye majumba ya opera ilikuwa akili ya Lambert kabisa.

Wewe si fundi pia, basi mlipe fundi na ubaki na kazi ya masikio. Studio inatoza kwa saa, kwa hiyo mazoezi yaishie kwenye chumba cha mazoezi: wimbo ambao haujapigwa mara tatu mfululizo bila kusimama hauendi studio. Nyuzi mpya za gitaa zifungwe siku moja kabla, maana zikifungwa asubuhi ileile hulegea na sauti inashuka katikati ya wimbo. Dramu na besi vitangulie, sauti za waimbaji mwisho. Amplifaya ikivuma, usikimbilie kununua nyingine. Angalia kwanza waya wa ethi, ule unaopeleka umeme ardhini, na taa zilizo kwenye laini moja na vyombo. Mkimaliza, toka na treki zote moja moja katika WAV, faili la sauti kamili isiyobanwa, si MP3 ya wimbo uliokwisha changanywa peke yake. Weka nakala mbili kwenye diski mbili, nyumba mbili tofauti. Na kabla mtu hajapanda boda kurudi kwao, karatasi moja isainiwe: nani ametunga maneno, nani muziki, kila mmoja asilimia ngapi. Ikisubiri mpaka wimbo upendwe, haitasainiwa.

Lebo ya Lambert na Stamp, Track Records, ilianza vizuri ajabu. Mwaka 1967 ilitoa Purple Haze ya Jimi Hendrix, mwaka 1968 Fire ya Arthur Brown ikashika namba moja Uingereza, mwaka 1969 Thunderclap Newman nao wakashika namba moja. Tatizo halikuwa masikio. Meneja ndiye anayepaswa kuibana lebo ilipe wasanii wake, na hapa meneja ndiye aliyekuwa lebo. Hakukuwa na wa kumuuliza. Mwaka 1971 Lambert alinunua kasri liitwalo Palazzo Dario, Venice, huku dawa za kulevya zikimla. Rekodi za The Who alizojaribu kuzisimamia New York mwaka huohuo zilikwama, na prodyuza mwingine, Glyn Johns, akaifanya upya kazi hiyo London. Kisha Roger Daltrey, mwimbaji wa bendi, akataka hesabu zikaguliwe. Mali bila daftari huisha bila habari, na hii iliishia kwa mawakili. Track ilifilisika mwaka 1978. Lambert alifariki Aprili 1981, akiwa na miaka 45, baada ya kuanguka kwenye ngazi nyumbani kwa mama yake.

Naumia kila nikifika hapo, kwa sababu bila yeye Tommy isingekuwapo.

Kwa hiyo chagua kazi mbili, si tatu. Ukiwa meneja na prodyuza, lebo iwe ya bendi yenyewe, iandikishwe kwa majina yao. Asilimia yako iwe 15 au 20, na andika ni ya nini. Shoo ya shilingi 5,000,000 yenye gharama za 3,500,000: ukichukua asilimia 20 ya jumla, unaondoka na 1,000,000, na vijana wanne wanagawana 500,000, yaani 125,000 kila mmoja. Ukichukua asilimia 20 ya kilichobaki baada ya gharama, unapata 300,000 na kila mmoja wao anapata 300,000. Mkataba wa kwanza utakupa gari. Wa pili utakupa bendi ya miaka kumi. Afrigo Band ya hapa kwetu Uganda imekuwapo tangu 1975, na bendi haifiki huko watu wakilala njaa.

Pesa za bendi ziwe na akaunti yake, saini mbili, moja ya mwanabendi. Kampuni ikikata kodi ya zuio ya asilimia 6, ile inayokatwa na mlipaji kabla hajawapa pesa, dai cheti siku hiyohiyo. Watunzi wajiunge na UPRS, chama kinachowakusanyia watunzi mirabaha, na kuorodhesha kila wimbo. Sheria ya hakimiliki ya 2006 inailinda kazi mara inapowekwa kwenye umbo la kudumu, lakini cheti cha URSB, ofisi ya serikali ya usajili, ndicho utakachoonyesha siku ya ugomvi. Mkataba uwe wa miaka miwili, bendi iwe na haki ya kukagua daftari kila miezi sita, na uandike asilimia yako inavyopungua mkiachana, mpaka inapoisha.

Bendi itafute wakili wake, nawe wako. Rasimu ikiwa tayari, nitumie kurasa za asilimia na za kuachana; hizo nyingine sina haja nazo.

Mjomba wako