Leseni ya rubani haibadilishwi kwa mhuri

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wasomaji wanaodai kwamba Ulaya huwarudisha marubani wetu wa Kenya kwenye mitihani, wanapotaka leseni ya huko, kwa sababu ya dharau tu. Madai hayo hayaelezi kwa nini, tangu tarehe 1 Januari 2021, Uingereza ilipokwisha kutoka katika mfumo wa usalama wa anga wa Umoja wa Ulaya, rubani mwenye leseni ya Uingereza naye amekuwa mgeni huko kama sisi.

Kinachotazamwa ni nchi ilikosajiliwa ndege. Kwa Mkataba wa Chicago wa 1944, rubani mwenye leseni ya Kenya hutua Amsterdam na ndege iliyosajiliwa Kenya, imejaa abiria, wala hakuna anayemdai mtihani. Lakini akitaka ajira ya kudumu ya kurusha ndege iliyosajiliwa Uholanzi, hata kwa safari ile ile, hana budi kufaulu karatasi 13 za nadharia, kila moja kwa asilimia 75 au zaidi, ndani ya miezi 18, kisha apimwe afya kwa daraja la kwanza na kujaribiwa urushaji. Ukapteni wake humwondolea kozi, mitihani hubaki pale pale.

Nimeionja njia hiyo. Nikitoka safari ya usiku nilikaa kwenye meza ya jikoni nikijiandaa kwa mitihani, nikizungusha kisahani cha plastiki cha mahesabu ya safari kutafuta mwelekeo wa upepo, kazi ambayo saa chache kabla kompyuta ya ndege ilinifanyia. Binti yangu akaniuliza kama nimerudishwa darasa. Nikamwambia ndiyo, na ada najilipia.

Makubaliano yaliyoanza kutumika 2021 kati ya Marekani na Umoja wa Ulaya yamewarahisishia marubani wa ndege binafsi kubadilisha leseni. Hayawagusi marubani wa mashirika, ni kweli, ila yalipatikana kwa mamlaka kuzungumza na mamlaka, jambo ambalo rubani mmoja mmoja hawezi hata angeandika barua ngapi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina wakala wake wa usalama wa anga, CASSOA, huko Entebbe. Naomba mazungumzo na Ulaya yaanzie hapo, tusamehewe mitihani japo kwa masomo machache ambayo kapteni mzoefu huyatumia kila siku kazini.

Wakati huo huo, shule zetu za urubani ziwaeleze wazazi haya yote kabla ya kupokea ada.

Rubani, Nairobi