Kila huduma ibebe njia zake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongee na watengenezaji wenzangu wa tovuti, na zaidi na wale wanaotulipa.

Ninafanya kazi hapa Mwanza, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kurekebisha mifumo ambayo wengine wameijenga kwa Angular, zana ya kujengea tovuti. Mara nyingi nakuta njia zote za kurasa, yaani maelekezo ya anwani ipi ifungue ukurasa upi, zimelundikwa kwenye faili moja: kuingia, bili, malalamiko, ripoti za wakubwa, na vyote vinashushwa kwa mkupuo. Mama anayetaka kuona bili yake ya maji kwenye simu analazimika kupakua kwanza kurasa za ripoti ambazo hana hata ruhusa ya kuzifungua. Na bando ni lake!

Dawa ipo tangu Angular 2 ilipotoka, Septemba 2016. Kila huduma iwe na moduli yake, yaani fungu lake la msimbo, na njia zake zikae humohumo. Faili kuu libaki na mistari michache tu: anwani ikianza na "bili", loadChildren, agizo la kupakua sehemu pale tu inapohitajika, ilete moduli ya bili. Asiyefungua malalamiko hapakui malalamiko.

Wengi wanadhani wameshafanya hivyo, kumbe bado. Wameandika loadChildren vizuri, halafu moduli ileile wakaiingiza pia kwenye moduli kuu. Msimbo wote unarudi kwenye mzigo wa mwanzo, na mfumo unaendelea kufanya kazi kama kawaida, hivyo hakuna anayeshtuka. Fungueni zana za kivinjari muone faili zinazoshuka. Njia ya nyota mbili, inayopokea anwani zisizojulikana, nayo ikae mwisho kabisa, kwani Angular huchukua njia ya kwanza inayolingana. Ikitangulia, zinazofuata hazifikiwi.

Wapo wanaosema moduli zimepitwa na wakati tangu toleo la 14 la Angular la mwaka 2022. Sawa, ziacheni. Faili la njia za kila huduma bado lina kazi yake, na loadChildren huliita moja kwa moja.

Ombi langu kwa taasisi zinazotangaza zabuni: andikeni kwenye mkataba ukubwa wa juu wa mzigo wa kwanza. Angular inaruhusu kuweka kikomo hicho kwenye mipangilio ya mradi, na kikivukwa inagoma kuunda programu. Hata ofisa asiyejua kuandika msimbo anaweza kudai aonyeshwe namba hiyo kabla ya kusaini malipo.

Mtengenezaji wa programu,
Nyamagana, Mwanza