Mhariri, mimi sikuwa nyasi

Mhariri,

Nalisoma gazeti lako kwa zaidi ya miaka 30 na sijawahi kukuandikia. Sikuandika mlipoiweka Makambako mkoani Iringa wakati sisi tuko Njombe tangu mwaka 2012. Sikuandika hata siku mlipochapisha fumbo la maneno bila vidokezo vya kwenda chini. Lakini ile makala yenu ya ukurasa mzima kuhusu "Vita Baridi mpya", yenye ramani ya reli mbili, ya Lobito kule Angola imepakwa bendera ya Marekani na yetu imepakwa ya China, imeninyima usingizi siku mbili.

Unaikumbuka. Inaanza na tembo wawili wanaopigana, inaishia na nyasi, na katikati nyasi zinatajwa tena mara mbili, safari moja zikiitwa "nyasi za Afrika". Mwandishi wako anatufundisha kwamba baada ya vita vya 1945 mpaka Umoja wa Kisovieti ulipovunjika 1991, dunia ilikuwa na wakubwa wawili, mkomunisti na bepari, sisi wengine tukiwa chini ya nyayo. Kwamba Tanzania "iliangukia upande wa Mashariki". Kwamba TAZARA, reli yetu ya kwenda Zambia, ilikuwa "kete" na sasa inachezwa tena. Kete! Mimi nilikuwa karani wa stoo kwenye ujenzi wa hiyo kete. Niliyahesabu mataruma ya zege yanayolaliwa na reli mpaka yakawa yananijia ndotoni, na nakuhakikishia kwamba taruma la zege halisukumwi kwa kidole.

Tuanze na nani alimfuata nani. Zambia ilipata uhuru Oktoba 1964 huku shaba yake ikipita kwa walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na kwa Wareno wa Msumbiji. Mwaka huohuo Benki ya Dunia ikasema reli ya kuja Dar es Salaam haitalipa. Nchi za Magharibi nazo fedha hazikutoa. Mwalimu Nyerere akaenda Beijing Februari 1965. Novemba Ian Smith wa Rhodesia akajitangazia uhuru wake, shingo ya Zambia ikazidi kukabwa. Rais wao Kaunda, ambaye mwanzoni Wachina walimtia wasiwasi, naye akaenda Beijing 1967, na Septemba mwaka huo mkataba ukasainiwa, mkopo usio na riba, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi. Kwa hiyo mlango tuliubisha sisi, tena haukuwa wa kwanza. Hayo yote yamo maktaba, ambako ndiko mwandishi wako hakufika.

Sasa hilo la "kuangukia Mashariki". Bomba la mafuta la kwenda Ndola lililofunguliwa 1968 lilijengwa na Waitaliano. Barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma iliingia fedha za Wamarekani, nayo inakutana na reli ya Wachina hapahapa Makambako, mwendo mfupi kutoka kwangu. Na Wajerumani je? Zanzibar baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 iliitambua Ujerumani Mashariki, Tanganyika ilikuwa rafiki wa Ujerumani Magharibi, Aprili tukaungana. Wa Magharibi, serikali yao ikiwa Bonn, walikuwa na sheria yao: ukimtambua ndugu yetu wa Mashariki, sisi na wewe basi. Mwalimu akawaruhusu wa Mashariki wafungue ubalozi mdogo tu Dar es Salaam. Wa Mashariki walitaka ubalozi kamili, wakanuna. Wa Magharibi hawakutaka kuona hata kibao cha ubalozi mdogo, nao wakanuna, na Februari 1965 wakawaondoa wakufunzi wao wa jeshi la anga. Mwalimu akawaambia wachukue na msaada uliobaki. Wakanada ndio wakaja kufundisha. Nyasi gani hizo zinazowanunisha Wajerumani wote wawili kwa mpigo?

Halafu mkomunisti yupi? Mwandishi amewafunga Mrusi na Mchina kwenye kitita kimoja kama kuni. Machi 1969, wapimaji wetu wakiwa porini, Mrusi na Mchina walikuwa wanapigana risasi kwenye mto Ussuri. Mwaka 1975 kule Angola Mrusi na Mcuba walikuwa na chama cha MPLA, na Mchina, ambaye alikuwa amewasaidia mahasimu wao FNLA, alijikuta ubavu mmoja na Mmarekani. Na vita hiyohiyo, Mhariri, ndiyo iliyoifunga reli ya Benguela mwaka huo, ambayo ndiyo hiyo ya Lobito mliyoichora bendera. Rais Biden alikwenda kuitazama Desemba 2024. Ilipofungwa, shaba ya Zambia ilipita kwetu. Ramani yenu inaonyesha reli mbili zinazoshindana wakati zilikuwa zinapokezana. Na jina lenyewe Vita Baridi, sijui lilikuwa baridi wapi. Huulizi Angola, huulizi Kongo.

Sisemi Wachina walikuwa malaika. Walikuwa na shida zao na walizipata hapa. Gharama za ndani za ujenzi zililipwa kwa kuuza bidhaa zao madukani, maana yake mshahara wangu ulitokana na chupa za chai na mabakuli ya enameli. Mama yangu alilia chakula kwenye bakuli moja la maua mekundu mpaka alipofariki, na kila alipoliosha alisema, "Hili ni la reli." Walitaka pia kiti chao Umoja wa Mataifa, wakakipata Oktoba 1971, na sisi tulikuwa mstari wa mbele kuwapigania. Mwaka 1981 Salim Ahmed Salim alipogombea Ukatibu Mkuu, Marekani ikamwekea kura ya turufu, raundi baada ya raundi, na China nayo ikamzuia Waldheim, aliyekuwa anakikalia kiti hicho, vilevile, mpaka wote wawili wakakaa pembeni na kazi ikaenda Peru. Tulilipia, sikatai. Lakini tulilipia kitu tulichoagiza wenyewe.

Nikueleze kilichonifanya nichukue kalamu, maana makala yako ilikuwa cheche tu, petroli ilikwishamwagika. Mwaka 2019 mjukuu wangu alinipeleka kwenye maonyesho ya picha Dar es Salaam, katika ukumbi mmoja ambao siutaji. Afrika na Vita Baridi. Kiyoyozi kama machinjioni. Nikapita ukuta wa kwanza, wa pili, wa tatu nikasimama. Picha ya eneo la kati ya Mlimba na Makambako, ile sehemu mbaya kuliko zote, ya mahandaki na madaraja marefu. Vijana sita wa kwetu, Mchina mwenye daftari, na mzee mmoja wa Kibena amevaa koti la mvua lililochanika kwapani. Chini imeandikwa: "Vibarua wa Kiafrika wakipokea maelekezo kutoka kwa mhandisi wa Kichina." Nikasoma mara tatu. Mhariri, kwenye hiyo picha kidole kilichonyooshwa ni cha mzee! Anaonyesha korongo. Mchina ameinama, anaandika! Tangu lini anayetoa maelekezo ndiye anayeandika? Najua siku ile kwa sababu nilikuwepo, wa tatu kutoka kushoto, leja kwapani. Mchoro ulikuwa na kalavati, njia ya maji chini ya reli, la bomba moja. Mzee akasema maji ya masika hayapiti hapo, yanauacha mto na kukata hatua ishirini pembeni, yeye ameyaona tangu utoto. Akasema kwa Kibena, mmoja wetu akageuza kwa Kiswahili, mkalimani akafungua kijitabu chake chenye jalada jekundu akageuza kwa Kichina. Mhandisi akauliza swali moja, jibu likarudi njia ileile. Wiki iliyofuata nilitoa saruji mara ya pili kwa kalavati lilelile, limehamishwa na limepanuliwa, na vocha niliandika kwa mkono wangu. Nikamwita kijana aliyekuwa anatembeza wageni nikamweleza yote. Akanisikiliza kwa adabu, simkosei haki yake, kisha akasema, "Babu, maelezo haya yameandaliwa na wataalamu." Nikamwonyesha yule wa tatu kutoka kushoto. Akaitazama picha, akanitazama mimi, akasema, "Hongera sana babu," akaenda kwa Wazungu waliokuwa wamesimama kwenye ukuta wa Berlin. Mjukuu akanivuta shati. Nilikaa nje kwenye ngazi mpaka akamaliza. Yule mzee ndiye nyasi zenu. Kuna Wachina zaidi ya 60 waliofia kazi hiyo, wengi wamelala makaburini Gongo la Mboto, Dar es Salaam, na wenzetu pia walikufa, na wote hao walifahamu nani alionyesha maji yanapita wapi. Anayelala penye kiyoyozi ndiye asiyejua.

Na kwa kuwa umeshaanza kunisoma, yako pia malori. Ninyi mmeandika ukurasa mzima juu ya shaba ya Kongo itapita reli ya nani. Njoo uone inapita wapi sasa. Inapita mlangoni kwangu, saa nane za usiku, juu ya matuta matatu yaliyowekwa bila rangi wala kibao, na kila lori likifika tuta la pili vyombo vya mke wangu vinacheza kabatini. Wakichoka wanapaki chini ya mparachichi wangu. Utingo anashuka, anajisaidia haja ndogo ukutani, anachuma maparachichi mabichi ambayo hata hayaliki, anayatupa. Nimeweka kibao. Kibao kimechukuliwa. Waandishi wako wana ramani za mabara matatu na hakuna aliyewahi kuandika mstari kuhusu matuta ya Makambako. Hati ya makubaliano ya kufufua reli ilisainiwa Beijing Septemba 2024, marais watatu wakishuhudia, na mimi niliipigia makofi nikiwa peke yangu sebuleni. Sikufikiria mkomunisti wala bepari. Nilifikiria kabati.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, mwandishi yeyote atakayeandika tembo na nyasi kwenye habari ya Vita Baridi akatwe shilingi 10,000 kwenye posho, ziingie kwenye kopo mezani kwako. Kwa jinsi mnavyoandika, kufikia Desemba fedha ya kupaka rangi hayo matuta matatu itakuwa imetimia, na chenji ya vibao itabaki. Pili, huyo wa makala atumwe huku kwa treni, siyo kwa ndege mpaka Songwe. Kuanzia Mlimba akae dirishani mchana, simu iwe mfukoni, ahesabu mahandaki kwa kuweka alama kwenye karatasi, na kila anapoona kalavati ajiulize ni nani aliyesema liwe pale.

Akishuka hapa aulize Mzee wa Stoo, bodaboda wote wananifahamu. Leja zangu mbili bado ninazo, mchwa wamekula pembe tu. Nitamchemshia viazi, na kama ni msimu kutakuwa na ulanzi. Ila kama atakaidi na kuja kwa gari, asipaki chini ya mparachichi.

Mstaafu wa reli,
Makambako