YAH: PLASTA ILIYOMBANA MCHEZAJI WANGU, NA MALIPO MLIYODAI KABLA YA KUIKATA

Mkurugenzi wa Hospitali,
Dodoma.

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ndugu Mkurugenzi, nimejitahidi kuandika kwa heshima. Pale utakapoona imenishinda, ujue inaandikwa na mtu aliyekaa usiku kwenye benchi la mapokezi yenu, kichwa cha mtoto wa watu kikiwa mapajani mwake.

Mimi ni kocha wa timu ya vijana hapa Chang'ombe. Faili la kijana mnalo, jina lake mnalijua. Alichezewa rafu mbaya, mfupa wa ugoko ukavunjika, tukamleta kwenu. Hatukwenda kwingine kwa sababu bango lenu lilikuwa limefungwa pale pale uwanjani: matibabu ya mifupa na majeraha ya michezo, saa 24. Nililiamini.

Eksirei ilipigwa haraka na sina neno juu yake. Neno langu linaanza mlipomfunga hogo zima, yaani plasta ngumu inayozunguka mguu wote, kutoka juu ya goti hadi karibu na vidole, mguu ukiwa bado unavimba. Mimi si daktari, ila nimeuguza wachezaji waliovunjika kwa miaka mingi, na nimeona wanavyofungwa. Mguu uliovunjika leo huwekewa plasta nusu, ile inayoshika upande wa nyuma, ikazungushiwa bandeji, mguu ukainuliwa. Uvimbe ukishuka ndipo linafungwa hogo kamili. Plasta ikishakauka haitanuki. Msuli unaendelea kuvimba ndani yake, hauna pa kwenda, na damu inakosa njia. Haya mnayajua kuliko mimi. Kama kulikuwa na sababu ya kufunga lote siku ile ile, kwa nini halikupasuliwa kwa urefu wake ili liachie? Na kwa nini tulitoka kwenu na vidonge vya maumivu tu, bila hata kipande cha karatasi kinachosema kwamba vidole vikipoa, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, mrudisheni mara moja?

Tulimrudisha bila kuambiwa na mtu. Mama yake alinipigia simu akasema mtoto anatafuna shuka.

Sasa nifike pale dirishani. Vidole vilikuwa vimepauka na vina baridi. Nilimsalimu dada aliyekuwa zamu, nikamwambia plasta imebana mno, tunaomba ikatwe. Akasema faili la mchana limeshafungwa, kukata plasta ni huduma nyingine, tufungue faili upya na tulipie kwanza. Nikamwambia fedha niliyo nayo haifiki, asubuhi nitaileta, na kitambulisho changu cha NIDA abaki nacho. Akanijibu: "Plasta mpya lazima ibane, baba. Mwambie mchezaji wako aache deko." Akavuta kioo, akafunga.

Aache deko! Waliompokea baadaye, katika hospitali nyingine, walikata hogo lile kutoka juu hadi chini pamoja na pamba na bandeji zote zilizokuwa ndani, na bado mguu ulikuwa mgumu na maumivu hayakushuka. Akaingizwa chumba cha upasuaji, wakamchana ugoko pande mbili, ngozi na ule utando unaofunika misuli, ili misuli ipate kupumua. Vidonda viliachwa wazi kwanza, kufungwa kukaja baadaye. Daktari wa huko alinieleza kwamba msuli uliokosa damu unaweza kuanza kufa ndani ya saa 6 hivi, na ukishakufa haurudi. Sehemu ya msuli wa kijana ilikuwa imeshakufa, wakaiondoa. Sasa anatembea akiburuza unyayo, kwa sababu hawezi kuuinua. Alikuwa winga wa kulia, Ndugu Mkurugenzi. Wakati bado yuko wodini huko, ofisi yenu ya fedha ilimtumia mama yake ujumbe wa kudai salio la plasta.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini jibu lenu kwa barua yangu ya kwanza lilisema kwamba "mteja hakufuata utaratibu wa kufungua faili." Kwa hiyo narudi dirishani, maana mmenilazimisha.

Utaratibu ulikuwa hivi. Dada alipotamka neno deko, kijana alimsikia. Alikuwa analia, akanyamaza. Aliuma kola ya jezi yake, akajikaza, kwa sababu mtu mzima mwenye sare ya hospitali amemwambia kwamba maumivu yake ni deko. Hilo ndilo nisiloweza kusamehe. Kijana huyu nimemwona akimaliza mechi na jino limevunjika mdomoni. Akilia, kuna jambo. Daktari wenu wa zamu akatokea kwenye korido, nikamfuata. Alisimama hatua kadhaa kutoka kwenye benchi, akamwambia kijana asogeze vidole. Vikasogea kidogo sana. "Si unaona vinasogea," akasema, akaenda zake. Hakuinama. Hakuvigusa aone ubaridi wake. Hakuvivuta kwa mkono wake, kipimo ambacho hakihitaji mashine, umeme wala risiti: mgonjwa akipiga kelele kwa maumivu ya ugoko pale vidole vinaponyooshwa na mtu mwingine, hiyo ni dharura. Kule kwingine lilikuwa jambo la kwanza walilofanya, na kijana alipiga kelele iliyomfanya mama yake atoke nje.

Na fedha tulilipa! Hili jibu lenu halikulitaja kabisa. Mama yake alipiga simu kwa ndugu, mmoja baada ya mwingine, usiku ule, mpaka kiasi mlichotaka kikatimia. Nikakipeleka dirishani, dada akakihesabu, akanipa risiti, ndipo akasema mwenye kazi ya kukata plasta ameshaondoka na chumba kimefungwa, turudi asubuhi. Mlipokea malipo ya huduma ambayo mlijua haipo. Juu ya dirisha hilo hilo mmebandika mkataba wenu wa huduma kwa wateja, na unasema mgonjwa wa dharura atahudumiwa kabla ya malipo. Nani aliubandika, na kwa ajili ya nani?

Katika barua ya kwanza niliomba mambo mawili: mkiri kosa na kuomba radhi kwa maandishi kwa kijana na mama yake, na mrudishe fedha ya usiku ule. Hayo bado nayadai, ila baada ya jibu lenu hayatoshi tena. Nataka nakala ya faili lote, picha za eksirei, na maelezo ya maandishi ya nani aliamua kufunga hogo zima siku ile. Nataka mbebe gharama za upasuaji uliokwisha kufanyika, kifaa cha kushikilia unyayo, na mazoezi ya viungo hadi daktari anayemtibu sasa atakaposema yatosha. Ukionekana unahitajika upasuaji mwingine, nao ni wenu. Sitaki mumfukuze dada wa dirishani halafu mseme mmechukua hatua. Yule alitekeleza alichoelekezwa. Nataka amri ya malipo kwanza ifutwe kwa mgonjwa yeyote anayerudi na plasta inayobana, na funguo za kile chumba ziwepo saa zote 24 mlizoandika kwenye bango.

Bango lenyewe litolewe uwanjani. Msipolitoa nyinyi, nitawaomba viongozi wa mashindano walitoe, na nitawaeleza sababu mbele ya makocha wote. Wenzangu wa Majengo, Kikuyu na Makole tayari wameniuliza wawapeleke wapi wachezaji wakiumia, na nimewajibu ukweli.

Nawapa siku 14 tangu mtakapogonga muhuri wa kupokea barua hii. Zikipita bila jibu la maandishi linalogusa kila nilichokidai, nitamshitaki daktari yule wa zamu na aliyeamuru lile hogo kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, na malalamiko dhidi ya hospitali nitayapeleka Wizara ya Afya kwa mkono wangu. Mtumba, iliko wizara hiyo, si mbali. Mwanasheria ameshaisoma risiti ya usiku ule na saa iliyochapwa juu yake, na ameniambia niitunze. Msinipigie simu kunitaka "tuyamalize kikubwa." Mkitaka kuzungumza, mzungumzeni na mama yake kwanza, mkiwa mmeshika barua ya radhi mkononi.

Wenu,

Kocha wa timu ya vijana,
Chang'ombe, Dodoma.

Nakala: Mganga Mkuu wa Mkoa, Dodoma.